Viendelezi vya kivinjari: ni nani tuliyempa ufunguo wa nyumba?

Ijumaa moja, baada ya watu kutawanyika, mzee mmoja wa jamaa ya msikiti wetu alitungoja karibu na mahali pa kuvulia viatu. Si kawaida yake kungoja. Huwa ana haraka ya kurudi dukani. Alituomba tuketi naye pembeni, akasema kwa sauti ya chini kwamba mwanawe wa kiume, aliyemaliza kidato cha nne na anayesubiri matokeo, ameingia katika kamari. Hakumwona akicheza, wala hakumkuta na fedha zisizojulikana zilikotoka. Alichokiona ni kwamba kila alipofungua kompyuta ya nyumbani, hata katika ukurasa wa habari anaousoma kila siku, zilitokea picha za kubeti, namba zinazozunguka, na wanawake wasiojisitiri wakimwita abonyeze. Mzee alikwisha kusikia kwamba matangazo ya intaneti humfuata mtu kwa kile alichokitazama, jambo ambalo ni kweli kwa kiasi chake. Akahitimisha. Kwa wiki tatu alikuwa hasemi na kijana ila salamu, na kompyuta akaifungia kabatini.

Tulimuuliza kijana mwenyewe anasemaje.

“Anaapa, Ustadhi,” alijibu. “Na kule kuapa kwake ndiko kunakoniumiza zaidi.”

Habari hii tunaieleza kwa idhini ya baba na mwana wote wawili, kwa kuwa wao wenyewe waliona kuna familia nyingine ambazo huenda zimo katika jambo hilo hilo na hazijui.

Ukurasa usio na matangazo

Jumamosi baada ya Alasiri tulifika nyumbani kwake. Kompyuta ikatolewa kabatini, ikawekwa juu ya meza ya chakula, na kijana akaitwa. Akatoa salamu, akabaki amesimama mlangoni kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

Tulianza na jaribio dogo ambalo msomaji yeyote anaweza kulifanya nyumbani kwake. Wikipedia, ile kamusi elezo ya intaneti, haiuzi nafasi ya matangazo ya biashara. Inaendeshwa kwa michango, na kinachoweza kuonekana juu ya kurasa zake ni ombi la kuchangia basi. Tukafungua ukurasa wake wa Kiswahili unaohusu mji wa Bagamoyo. Upande wa kulia wa maandishi, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu, namba zikaanza kuzunguka.

Tukamwambia mzee kwamba tangazo lile halikutoka Wikipedia. Lilikuwa limebandikwa humo humo ndani ya kompyuta, baada ya ukurasa kufika na kabla ya jicho kuuona. Yako matangazo yanayowekwa na wenye tovuti katika nafasi walizoziuza, na hayo ndiyo yanayoweza kumfuata mtu kwa mujibu wa kurasa alizozitembelea. (Hata hayo hayatoshi kuwa ushahidi juu ya mtu mmoja katika kompyuta inayotumiwa na watu sita.) Na yako matangazo yanayochomekwa na programu iliyojikalisha ndani ya kivinjari. Haya ya pili hayasemi lolote juu ya tabia ya mtumiaji. Yangemtokea hata mtu asiyefungua chochote ila kurasa za tafsiri ya Qur'ani.

Kisha tukafungua orodha ya viendelezi. Vilikuwamo tisa. Mzee alivijua viwili, kijana alivijua vitatu, na vinne vilivyobaki hapakuwa na mtu katika nyumba ile aliyeweza kusema vilifikaje. Tukavizima vyote, tukaupakia upya ukurasa wa Bagamoyo: tangazo limetoweka. Tukaanza kuviwasha kimoja kimoja, kila mara tukiupakia upya ukurasa. Kilipowashwa cha saba, namba zikarudi. Kilikuwa kiendelezi cha kugeuza kurasa kuwa PDF. Jina lake hatulitaji hapa.

Chumba kilikuwa kimya. Mzee akauliza, “Na nani alikiweka?” Swali lile lilikuwa zito, kwa sababu kama ni kijana, basi bado lawama ilikuwa na mahali pa kukaa. Ndipo mkewe, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alipouliza swali ambalo sisi wenyewe hatukulifikiria: “Baba, si ulisema na ile ya dukani inaleta matangazo hayo?”

Kompyuta ya dukani kijana hajawahi kuigusa. Lakini kivinjari cha dukani na kile cha nyumbani vyote vilikuwa vimeingizwa katika akaunti moja, ya mzee mwenyewe. Kivinjari kinapounganishwa na akaunti na usawazishaji ukawashwa, viendelezi vya kompyuta moja hujisakinisha na katika nyingine bila kuuliza tena. Mzee akakaa kimya muda mrefu. Kisha akakumbuka kwamba miezi kadhaa nyuma, usiku, alikuwa dukani akihangaika kuigeuza ankara kuwa PDF ili amtumie mteja. Akatafuta, likatokea jambo la kubonyeza, akabonyeza, ankara ikageuka. Hakulifikiria tena hadi jioni ile.

Alimtazama mwanawe, akasema, “Njoo ukae, mwanangu.” Mengine yaliyosemwa baina yao si ya gazeti.

Kiendelezi ni kitu gani?

Kivinjari ni ile programu tunayotumia kuzifungua tovuti: Chrome, Firefox, Edge, Safari na nyinginezo. Kiendelezi ni programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari ili kifanye kazi ambayo hakikuumbwa nayo. Kipo cha kuzuia matangazo, kipo cha kutunza manenosiri, kipo cha kutafsiri, cha kukagua tahajia, cha kuonesha nyakati za sala kila unapofungua kichupo kipya. Vingi havitozwi fedha, na kukisakinisha kimoja hakuchukui zaidi ya nusu dakika. Wepesi huo ndio unaotufanya tusahau kilichotokea katika nusu dakika hiyo.

Mzee alituuliza kama ndizo zile programu-jalizi ambazo zamani kompyuta ilikuwa ikimdai azipakue kabla ya kumwonesha video. Swali lake lilikuwa zuri, maana vitu hivi viwili huchanganywa mara nyingi.

Programu-jalizi zilikuja katikati ya miaka ya 1990, wakati kivinjari cha Netscape kilipofungua mlango wa kupokea programu za watu wengine. Kivinjari cha wakati ule kilijua maandishi na picha, basi. Sauti na video hakikuvijua. Wengi wetu waliosikiliza visomo vya Qur'ani kupitia intaneti katika siku zile za simu za waya wanaikumbuka RealPlayer, na jinsi kisomo kilivyokuwa kikikatika katikati ya aya. Baadaye ikatawala Flash. YouTube ilipoanzishwa mwaka 2005, video zake zilichezwa kwa Flash, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa michezo ya watoto na hata fomu za serikali katika nchi mbalimbali.

Kasoro ya programu-jalizi ilikuwa katika maumbile yake. Haikukaa chini ya sheria za kivinjari. Ilikuwa programu kamili ya kompyuta iliyopewa dirisha katika ukurasa, na tundu moja katika Flash au katika Java lilitosha kumpitisha mhalifu hadi kwenye mafaili ya mwenye kompyuta. Matundu hayo yalizibwa na kufunuka upya kwa miaka mingi. Apple haikuiruhusu Flash katika simu ya iPhone tangu mwanzo, na Aprili 2010 Steve Jobs aliandika barua ya wazi akieleza sababu zake. Chrome ilifunga kabisa mlango wa zamani wa programu-jalizi Septemba 2015. Firefox ikafuata Machi 2017, ikiibakisha Flash peke yake. Adobe, wenye Flash, walitangaza Julai 2017 kwamba wataiacha, na tarehe 31 Desemba 2020 wakaiacha kweli. Kuanzia 12 Januari 2021 programu yenyewe ilikataa kucheza chochote. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, ambayo baadhi ya fomu zake za kodi zilikuwa bado zimeandikwa kwa Flash, ililazimika kutoa kivinjari chake yenyewe mwezi huo huo ili walipa kodi waweze kuzijaza. Hayo ndiyo malipo ya kujenga nyumba juu ya nguzo ya jirani.

Kwa hiyo leo tovuti ikikwambia upakue programu-jalizi ya Flash ili uone video, ifunge. Flash haipo tena, na anayekupa kwa jina hilo anakupa kitu kingine.

Viendelezi ni kizazi kingine. Vinaishi ndani ya kivinjari na kutii sheria zake, wala haviwezi kufungua faili lolote la kompyuta vipendavyo. Kwa upande huo ni salama kuliko Flash. Lakini tafakari, ndugu msomaji: benki yako iko wapi leo? Barua pepe zako, matokeo ya mtoto, picha za familia, hesabu za duka viko wapi? Viko ndani ya kivinjari. Aliyefungiwa humo humo hakufungiwa mbali na mali.

Maneno yanayosomwa na wachache

Kabla kiendelezi hakijasakinishwa, kivinjari huonesha kisanduku kidogo chenye orodha ya ruhusa kinazoomba. Hapa ndipo tunapoomba msomaji atulie nasi, kwa sababu jambo lote lipo hapa.

Ruhusa nyingi ni za kawaida: kuonesha arifa, kujua mahali ulipo, kubadilisha ukurasa wa kichupo kipya. Ruhusa moja ndiyo kubwa kuliko zote. Huandikwa kwa maneno yenye maana hii: kiendelezi kitaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Maneno haya hayana chumvi. Kusoma maana yake kiendelezi kinaona kila ukurasa unaoufungua na kila unachokiandika ndani yake, pamoja na nenosiri unapoliandika. Ile alama ya kufuli inayoonekana penye anwani haikulindi hapa, kwa kuwa kufuli hulinda safari kati ya kompyuta yako na tovuti, na kiendelezi kimo ndani, upande wako. Kubadilisha maana yake kinaweza kuongeza kitu katika ukurasa, kukiondoa, au kukigeuza. Namba zinazozunguka pembeni mwa habari za Bagamoyo ziliingia kwa mlango huu. Kwa mlango huu huu ingewezekana kubadilisha namba ya akaunti katika ankara, na mwenye duka asijue hadi mteja atakapolipa kwingine.

Si kila anayeomba ruhusa hii ana nia mbaya. Kizuia matangazo hakiwezi kuyazuia bila kuuona ukurasa. Kitunza manenosiri hakiwezi kulijaza nenosiri bila kuiona fomu. Kinachotakiwa ni kupima ruhusa kwa kazi. Fundi wa bomba anapoomba kuingia bafuni tunamwelewa. Anapoomba ufunguo wa kabati la chumbani tunamuuliza. Kiendelezi cha kubadilisha rangi ya kichupo kinachotaka kusoma kila tovuti kimeomba ufunguo wa kabati. Hata kile cha PDF kilihitaji tu kuuona ukurasa mmoja, tena wakati ule ule mtu anapokibonyeza.

Nyumba huuzwa na mpangaji ndani

Mzee aliuliza tena: kama kilikuwa kibaya, mbona miezi yote ile kilifanya kazi yake vizuri? Wapo wanaodhani kiendelezi kikishaaminika kimeaminika. Hapa desturi zetu za kuaminiana zinatudanganya kidogo, kwa sababu kiendelezi hakina uso. Mwenye nacho anaweza kubadilika, na ruhusa uliyompa wa kwanza ikamfikia wa pili bila wewe kubisha wala kubishiwa hodi. Viendelezi hujisasisha vyenyewe kimyakimya. Jambo hili ni jema tundu linapozibwa, na ni baya tundu linapotobolewa.

Mfano unaojulikana ni The Great Suspender, kiendelezi cha Chrome kilichokuwa kikivipumzisha vichupo visivyotumika ili kompyuta isilemewe. Kilipendwa, kilisifiwa, na kilitumiwa na watu zaidi ya milioni mbili. Katikati ya mwaka 2020 mtengenezaji wake alikiuza kwa mtu asiyejulikana. Miezi michache baadaye wataalamu waliona ndani yake mambo yasiyokuwamo hapo awali, na Februari 2021 Google ikakiondoa dukani mwake na kukizima katika kompyuta za watu kwa maelezo kwamba kina programu hasidi. Mamilioni wale walikuwa wamekiamini kiendelezi kwa haki. Ila waliyempa imani yao alikwisha kuondoka.

Wakati mwingine mwenyewe yupo, na ni yeye anayefanya biashara nyuma ya pazia. Novemba 2016 shirika la utangazaji la Ujerumani, NDR, lilifichua kwamba taarifa za kurasa walizozitembelea watumiaji wa kiendelezi cha Web of Trust zilikuwa zikifika sokoni, na kwamba iliwezekana kuwatambua watu halisi kutokana nazo. Kinaya ni kwamba kazi ya kiendelezi hicho ilikuwa kumwambia mtu tovuti ipi ni ya kuaminika.

Na wakati mwingine mwenyewe ni mwaminifu, lakini ameibiwa. Mkesha wa Krismasi wa 2024 mfanyakazi wa kampuni ya usalama wa mitandao ya Cyberhaven alidanganywa kwa barua pepe ya kughushi, wezi wakapata njia ya kutoa toleo jipya la kiendelezi cha kampuni hiyo lenye sumu ndani. Watumiaji wake walikuwa takriban 400,000. Toleo lile lilidumu kama siku moja kabla ya kuondolewa, na uchunguzi ukaonesha kwamba viendelezi vingine vingi vilishambuliwa kwa mtindo huo huo. Ikiwa kampuni ambayo kazi yake ni ulinzi ilipatikana, mwenye duka anayehangaika na ankara saa nne usiku ana udhuru.

Tulivyosafisha

Katika Chrome na Edge, orodha ya viendelezi hupatikana kwa kubonyeza nukta tatu zilizo pembeni juu na kutafuta neno “Viendelezi”. Katika Chrome unaweza pia kuandika chrome://extensions penye anwani. Katika Firefox huandikwa about:addons. Kizime kwanza usichokijua, kisha kiondoe. Kukizima peke yake hakutoshi kwa kile kilichothibitika kuwa kibaya.

Kwa mzee tuliondoa sita, tukabakisha vitatu. Tukaenda na dukani siku iliyofuata, kwa sababu kuondoa upande mmoja na kuacha mwingine ni kumfukuza paka kwa mlango wa mbele na dirisha liko wazi. Tukakagua kama mtambo wa kutafutia umebadilishwa, na kweli ulikuwa umebadilishwa; tukaurudisha wake wa zamani. Kisha likaja jambo ambalo mzee hakulipenda: kubadilisha manenosiri ya barua pepe na ya benki. Alisema hakuna fedha iliyopotea. Tukamweleza kwamba kiendelezi kilikuwa na uwezo wa kuyaona manenosiri kwa miezi kadhaa, na asiyejua kama ufunguo wake ulinakiliwa hubadilisha kufuli. Akakubali. Kijana ndiye aliyemsaidia, kwa simu yake mwenyewe ambayo haikuwa na kiendelezi chochote.

Juu ya simu tuseme kidogo, maana ndizo zilizo mikononi mwetu zaidi. Chrome ya simu za Android haipokei viendelezi. Firefox ya Android inapokea, na Safari ya iPhone inapokea tangu mwaka 2021. Kwa hiyo matangazo machafu yakikutokea katika Chrome ya simu, mara nyingi chanzo ni programu fulani iliyosakinishwa, au ni tovuti uliyoibonyezea “Ruhusu” ilipoomba kukutumia arifa. Arifa hizo huja hata ukiwa umekifunga kivinjari, na watu hudhani ni virusi. Ingia katika mipangilio ya kivinjari, fungua orodha ya tovuti zenye ruhusa ya arifa, ufute zote usizozitaka. Kazi ya dakika mbili.

Baada ya yote haya, yupo atakayesema: basi viondolewe vyote, tuishi kwa amani. Hatukubaliani naye. Kizuia matangazo kizuri ni sitara kwa nyumba yenye watoto, na si sisi tu tunaosema hivyo. Desemba 2022 Idara ya Upelelezi ya Marekani, FBI, ilipotahadharisha umma juu ya wahalifu wanaonunua matangazo ili kuigiza makampuni katika kurasa za kutafutia, ilishauri watu watumie kiendelezi cha kuzuia matangazo wanapotafuta mambo katika intaneti. Tunachokitumia sisi ni uBlock Origin, ambacho hakitozwi, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtaalamu kuyakagua. Kuanzia 2024 Chrome ilianza kuviondoa viendelezi vilivyoandikwa kwa kanuni zake za zamani, nacho kikiwemo, hivyo kwenye Chrome lililobaki ni toleo jepesi liitwalo uBlock Origin Lite. Firefox bado inakipokea kile kamili. Angalieni jina kwa makini, kwa kuwa mwigo wa majina katika maduka ya viendelezi ni jambo la kila siku. Kitunza manenosiri nacho kina faida kubwa kwa familia inayotumia nenosiri moja kila mahali. Lakini hapo chagueni kampuni inayojulikana, kwani huyo mnamkabidhi funguo zote kwa mpigo.

Mpaka wetu wenyewe, ambao hatumlazimishi mtu, ni viendelezi vitatu au vinne. Kila mwanzo wa mwezi mpya huifungua orodha na kujiuliza tuliokikaribisha kila kimoja tulikihitaji kwa nini. Kiendelezi ambacho hatukukitumia mwezi mzima tunakiondoa bila majadiliano. Na pale kinapohitajika kwa tovuti moja tu, kivinjari cha Chrome kinakuruhusu kukibana kifanye kazi katika tovuti hiyo peke yake, au pale tu unapokibonyeza. Mpangilio huo upo ndani ya maelezo ya kila kiendelezi, na ni wachache sana waliowahi kuufungua.

Lipo jambo la mwisho ambalo baadhi ya wazazi watatulaumu kwalo. Katika nyumba nyingi mtoto ndiye anayesakinisha na mzazi ndiye anayelipa bando. Mzazi huona haya kuuliza asichokijua, na mtoto huona haya kueleza asije akaonekana mjuzi kuliko baba. Tulimshauri mzee kwamba kompyuta iwe na wasifu tofauti kwa kila mtu, ili viendelezi vya mmoja visimfikie mwingine, na akaunti ya duka isikae kabisa katika kompyuta ya nyumbani. Lakini tulimshauri pia kwamba kisanduku cha ruhusa kikitokea, asomewe kwa sauti na mwanawe kabla ya kubonyeza. Alicheka, akasema huko ndiko kusomeshwa na mtoto uzeeni. Mkewe akajibu kutoka jikoni kwamba uzeeni ndiko watu wengi walikosomea.

Wiki iliyofuata alitupigia simu. Alikuwa amekiona kiendelezi cha nyakati za sala, chenye picha ya Madina kila unapofungua kichupo kipya, na alikipenda. Kijana alikuwa pale pale pembeni yake. Tukamsikia akimsomea ruhusa: kujua mahali ulipo, sawa. Kubadilisha kichupo kipya, sawa. Kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote.

“Cha nini hicho cha mwisho?” mzee aliuliza.

“Sijui, baba. Na wao hawakusema.”

Tukamsikia mzee akifikiri. Nyumba yake iko hatua thelathini kutoka msikitini, na muda si mrefu, kabla hajatoa jibu, Maghribi ikaadhiniwa. Ikasikika ndani ya simu na dirishani petu kwa pamoja.

“Achana nacho,” akasema, na akakata simu ili awahi udhu.